Kuimba huku unapiga gitaa stejini: uchape kodi, uchambue kwa vidole, upokezane, au umwachie mwenzio?

Swali hili naulizwa sana na watu ambao tayari wanajua kuimba na tayari wanajua gitaa. Chumbani vyote viwili vinakwenda bila shida, halafu ukipanda stejini mdomo unaenda na mkono unaganda kwenye kodi moja (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), au mkono unaendelea vizuri kabisa ila beti ya pili imefutika kichwani. Wengi wanajiona hawana kipaji na kiukweli sio hivyo. Umakini wa mtu ni mmoja, hauwezi kuugawa nusu kwa nusu kati ya maneno na nyuzi, kwahiyo kimoja lazima kijiendeshe chenyewe ili kingine ukiangalie. Sasa unachochagua hapa ni nani ashike mapigo wakati akili yako yote iko kwenye mstari unaoimba, na hizi njia nne kila moja inalijibu hilo kivyake.

Ya kwanza kuchapa kodi, kustramu, yaani mkono unapita juu ya nyuzi zote kwa pamoja. Ya pili kuchambua nyuzi kwa vidole. Ya tatu kupokezana, yaani unaimba mstari gitaa linatulia kisha gitaa linajibu. Ya nne unaimba tu, gitaa anapiga mtu mwingine. Ipo pia pedali ya lupu, ile inayorekodi ulichopiga na kukirudia, hiyo nitaigusa kwa kifupi mwishoni.

Vitu vya kupima kabla hujachagua

Nitazipima zote kwa mambo matano. Akili, yaani njia hiyo inakula umakini kiasi gani. Pumzi na sauti. Watu, kama unapata nafasi ya kuwaona na wao kukuona. Mitambo, maana maiki na spika vina tabia zao. Na la mwisho ambalo watu wanalisahau na kwangu ndio la kwanza, kitu kikiharibika katikati ya wimbo inakuwaje, maana shoo za laivu lazima kitu kiharibike hata kama ni kidogo.

Kabla ya yote kuna jaribio moja la kufanya na wimbo wowote. Piga sehemu yako ya gitaa, mwambie mtu akae mbele yako akuulize jana ulifanya nini, umjibu kwa sentensi nzima nzima huku unaendelea kupiga. Mkono ukisita, ukipunguza spidi, au ukianza kupiga kwa kufuata maneno unayoongea, basi huo wimbo haujaiva kwa mkono na kuongeza kuimba juu yake ni kujitesa. Rudi kwenye gitaa peke yake kwanza, wiki nzima kama inabidi.

Kuchapa kodi

Akili. Mkono wa kulia unatakiwa ushuke na kupanda bila kusimama hata pale ambapo haugusi nyuzi, unapita hewani tu na kurudi, ile safari ya mkono ndio saa yako. Mtu anayekwama utamjua kwa kumwangalia, mkono wake unachapa silabi. Akiimba neno lenye silabi nne anachapa mara nne, akivuta neno mkono nao unasimama kumsubiri. Dawa yake inachosha lakini inafanya kazi: ziba nyuzi zote kwa mkono wa kushoto zisitoe noti, chapa ule mlio mkavu tu, weka metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika na uimbe juu yake mpaka mstari unaoanza kabla ya pigo la kwanza usikuyumbishe tena. Ukishavuka hapo njia hii inakula umakini mdogo kuliko nyingine zote za kupiga na kuimba pamoja.

Pumzi na sauti. Hatari yake ni nguvu. Kiitikio kikifika unachapa kwa nguvu, gitaa linapaa, na wewe unapandisha sauti kulifuata, ukifika wimbo wa nne koo limekauka. Chapa chini ya unavyotamani, tumia piki (kile kipande kidogo cha kuchapia nyuzi) laini kidogo, acha maiki ifanye kazi yake. Jambo jingine ni kii, yaani noti kuu ambayo wimbo umejengwa juu yake, watu wengi wanaimba kwenye G au C kwa sababu vidole vinazipenda wakati sauti yao inataka kitu kingine kabisa. Kapo, kile kibanio cha kufunga kwenye shingo ya gitaa, ipo kwa ajili hiyo, ukiifunga freti ya 2 (freti ni vile vyuma vya shingoni) na ukashika umbo la G unapata A. Sauti ndio ichague kii, vidole vifuate.

Watu. Hapa njia hii iko mbele sana, kodi za kawaida ukishazizoea huhitaji kuangalia shingo ya gitaa kwahiyo macho yako ni ya watu.

Mitambo. Kazi ni ndogo. Hakikisha stendi ya maiki ni ile yenye mkono unaolala ili mguu wa stendi usigongane na gitaa, na maiki ije mdomoni pako, usiifuate wewe kwa kuinama.

Ikiharibika. Inasamehe. Ukikosa kodi moja na mkono wa kulia haujasimama wasikilizaji wengi hawatajua, ukisahau maneno unazunguka kodi zile zile mpaka yarudi, uzi ukikatika vimebaki vitano na unamaliza wimbo. Nadhani ndio maana mtu mwenye gitaa na maiki tu anaweza kupandishwa stejini muda wowote. Tarehe 11 Juni 1988 pale Wembley, London, kwenye tamasha la kumuenzi Nelson Mandela kutimiza miaka 70, Stevie Wonder alishindwa kuanza kwa sababu diski yenye sauti za kinanda chake ilipotea, na aliyerudishwa stejini kuziba lile pengo alikuwa Tracy Chapman, peke yake na gitaa lake. Hakuhitaji kusubiri mtu yeyote afunge vyombo.

Inamfaa nani. Anayeanza, anayetaka watu waimbe naye, anayepiga sehemu yenye kelele na hana uhakika na mitambo. Haimfai sana mwenye nyimbo ambazo uzuri wake uko kwenye melodi ya gitaa yenyewe, ukizichapa zinakuwa za kawaida.

Kuchambua kwa vidole

Hapa nitakaa zaidi, ndipo penye ugumu na ndipo penye utamu.

Akili. Dole gumba linashika besi, vidole vingine vinacheza melodi juu yake, halafu sauti inakuja kama mtu wa tatu. Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kule Katanga mwaka 1952, alikuwa anapiga kwa dole gumba na kidole cha shahada na kuimba Kiswahili juu yake, na ukisikiliza unaweza kuapa wako wawili. Siri ya mtindo huu ni dole gumba, likishakuwa halikuulizi kitu basi umeshinda nusu ya vita.

Nusu nyingine ni maneno yanakaa wapi juu ya dole gumba, na hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia kama ukikisikiliza. Mkazo wetu karibu kila mara unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua neno "nitarudi", mkazo uko kwenye "ru". Kama melodi yako inaiweka "ru" pale pale dole gumba linapogonga besi, mdomo na mkono vinakutana na vinatulia. Kama melodi inaiweka "ni" kwenye pigo zito na "ru" inaangukia hewani katikati ya mapigo mawili, basi mdomo unavutana na mkono kila ukifika hapo na utakosea hapo hapo kila siku, hata ufanye mazoezi vipi. Mimi huwa nachukua karatasi, nachora vistari vinne vya dole gumba, naandika silabi juu yake moja moja. Mstari mmoja unaosumbua unaweza kunichukua jioni nzima na mara nyingi jibu linakuwa dogo tu, kuchelewesha neno nusu pigo au kubadilisha neno lenyewe. Kama wimbo ni wako una ruhusa ya kufanya hivyo, usiogope.

Pumzi na sauti. Gitaa liko chini kwahiyo unaweza kuimba chini, ukanong'ona karibu, kitu ambacho ukichapa huwezi. Lakini mwili unajikunja. Mtu anayechambua anainama kuangalia vidole, kifua kinabanwa na gitaa, pumzi inakuwa fupi na mistari mirefu inakatika mwishoni. Kaa mbele ya kiti, mgongo wima, inua gitaa lije kwako.

Watu. Ukumbi ukiwa kimya hakuna kinachoshinda hii. Ukumbi ukiwa na maongezi na vyombo vinagongana unapotea, na hilo sio kosa lako wala lao, mtindo wenyewe unahitaji kusikilizwa. Macho nayo yanaibiwa sana na shingo ya gitaa.

Mitambo. Ndio njia inayohitaji mitambo mizuri kuliko zote. Nyuzi zinaguswa kwa upole kwahiyo fundi mitambo anapandisha gitaa, na gitaa la mbao likipandishwa sana linaanza kuvuma, ule mlio wa kujirudia kutoka kwenye spika. Kile kifuniko cha mpira cha kuziba tundu la gitaa kinasaidia sana. Halafu maiki: kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka mara mbili, sauti inashuka kama desibeli 6. Yaani uko sentimita 5, umegeuka kidogo kutazama freti ya 7 ukawa sentimita 10, neno lako limeshapotea. Wasikilizaji wanadhani umeishiwa pumzi kumbe umegeuza shingo tu.

Ikiharibika. Haisamehi. Kidole kimoja kikijikwaa mnyororo wote unakatika na ule ukimya unasikika mpaka nyuma. Nilishafanya mazoezi ya wimbo mmoja kwa muda mrefu, kila siku nimekaa kwenye kiti kile kile, siku ya shoo hakukuwa na kiti, mkanda ulikuwa mrefu, gitaa likashuka mpaka kiunoni, kifundo kikapinda na vidole vikawa havioni nyuzi zilipo. Nilimaliza lakini sitaki mtu mwingine ayapitie yale. Tangu hapo nafanya vitu viwili. Kila wimbo nauzoea nikiwa nimekaa na nikiwa nimesimama, na kila wimbo una njia ya dharura, yaani namna nyepesi ya kuupiga, dole gumba tu na kodi, ambayo naweza kuingia nayo wakati wowote bila kuacha kuimba. Fanya na mazoezi ya kuingilia katikati, anza beti ya tatu, anza kwenye daraja (ile sehemu ya kati isiyofanana na beti wala kiitikio), usizoee kuanzia mwanzo tu.

Inamfaa nani. Mwenye nyimbo za hadithi, mwenye sauti laini, anayepiga mahali watu wamekuja kusikiliza, na mwenye muda. Wimbo ambao ukiuchapa uko tayari kwa wiki, kwa vidole unaweza kukuchukua miezi.

Kupokezana

Akili. Kuna watu wanadhani kama huwezi kupiga na kuimba kwa wakati mmoja basi wewe nusu mwanamuziki. B.B. King, mpiga gitaa na mwimbaji wa bluzi wa Marekani, alijulikana kwa kutofanya hivyo: aliimba, akanyamaza, gitaa lake Lucille likamjibu, akaimba tena. Rumba nayo inalijua hili kwa namna yake, sauti zikimaliza kazi yao inaingia sebene na magitaa yanachukua uwanja. Kwahiyo umakini hapa haugawanyiki kabisa, ugumu wake uko kwenye kuvuka, kutoka kwenye mdomo kwenda mkononi na kurudi bila kuchelewa. Wengi wanachelewa kurudi kwenye maiki kwa sababu wameongeza noti mbili za mwisho ambazo hakuna aliyezihitaji.

Pumzi na sauti. Hakuna njia rafiki kwa koo ya mpiga gitaa kama hii, gitaa likiongea wewe unavuta pumzi. Na piga sentensi za gitaa zenye urefu wa pumzi yako, kana kwamba unaziimba, zitasikika kama jibu la kweli badala ya mazoezi ya skeli, yale ya kupanda na kushuka noti kwa mpangilio.

Watu. Wanafuatilia kama maongezi, wanasubiri jibu.

Mitambo. Gitaa linahitaji viwango viwili, cha chini ukiimba na cha juu likijibu. Kitasa cha volyumu kwenye gitaa lenyewe kinatosha kama umezoea, au pedali ya kupandisha sauti.

Ikiharibika. Bendi inakubeba. Lakini hapo ndio kwenye sharti lake kubwa, lazima kuwe na mtu anashika mapigo na kodi, besi na ngoma au hata gitaa moja la rizimu. Ukiwa peke yako kila ukinyamaza kuna shimo. Na mkubaliane ishara, nikigeuka hivi narudi kuimba, la sivyo wenzio watahesabu baa 12 (baa ni fungu la mapigo, mara nyingi manne) na wewe umeamua kwenda 24.

Inamfaa nani. Mpiga solo anayeimba, mwenye gitaa la umeme na bendi inayomsikiliza.

Kumwachia mwenzio

Sipendi hii ikiitwa kushindwa, waimbaji wakubwa wengi tu walisimama na maiki na gitaa likawa la mtu mwingine. Akili yako yote inabaki kwenye maneno, na inasikika, mtu anayeimba tu anatamka vizuri zaidi na anamaliza mistari yake. Pumzi ni huru kabisa, mwili umesimama wima hakuna kitu kifuani. Watu unao wote, unaweza kutembea, unaweza kushuka. Mikono tu ndio inataka kuzoea, mtu aliyepiga gitaa miaka mingi akiliweka chini haijui pa kwenda, shika maiki mkononi badala ya kuiacha kwenye stendi na hilo linaisha lenyewe.

Unachokipoteza ni usukani. Ukipiga mwenyewe ukitaka kuvuta neno unalivuta tu, gitaa linajua kwa sababu ni wewe. Na mwenzio inabidi awe anakutazama mdomo na mabega, aone unavuta pumzi, ajue unaingia. Hilo halipatikani kwa mazoezi mawili. Kimitambo ni rahisi ila mkae mahali mnaonana, sio wewe mbele kabisa na yeye nyuma ya mgongo wako. Na ikiharibika, mwenzio akikosea mnakosea wote ila unaweza kuendelea kuimba mpaka arudi, lakini akiumwa siku ya shoo hakuna shoo, labda uwe na zile nyimbo tatu unazoweza kuzichapa mwenyewe. Malipo nayo mnagawana, mkubaliane mapema.

Inamfaa nani. Ambaye sauti ndio silaha yake, mwenye nyimbo ngumu za kuimba, anayepona kidole au mkono, na yule ambaye amejaribu mwaka mzima na bado kila kimoja kinamharibia kingine.

Kuhusu lupu

Ed Sheeran ameonyesha dunia kwamba mtu mmoja na pedali anaweza kujaza uwanja, na ni kweli mkono unapata uhuru mkubwa kwa sababu mashine ndio inashika mapigo. Ila mguu unakuwa ala ya tatu. Ukikanyaga ukiwa umechelewa kidogo tu kwenye pigo la kwanza, kile kilema kinarudi kila mzunguko mpaka mwisho wa wimbo, na wewe unakisikia kila kinapopita. Chukua lupu kama tayari unajua kuchapa na kuimba bila kufikiria, isiwe njia ya kukwepa kujifunza hilo.

Kwahiyo ufanye ipi, inategemea uko wapi

Shoo iko wiki mbili mbele na hujawahi kupiga na kuimba mbele za watu: chapa kodi, nyimbo nne au tano, zote kwenye kii ya sauti yako, zipige kwa spidi ya chini kidogo ya unayoitaka maana presha ya steji itaipandisha yenyewe.

Una miezi mitatu na ukumbi ni wa kusikiliza: chagua nyimbo mbili tu za vidole na uzichanganye na za kuchapa. Weka ya kuchapa kwanza, mikono ikiwa bado na baridi na woga usianze na kazi ya vidole.

Una bendi na wewe ndio mpiga solo: pokezana, na kwenye beti piga kidogo sana, hata kodi moja kwa baa, uone kama kuna kitu kimepungua. Mara nyingi hakipungui.

Una bendi lakini gitaa la rizimu ni wewe: hapo chapa, na ukifika kwenye mstari unaokushinda kila siku muombe mtu wa besi aujaze, wewe nyamazisha mkono baa mbili, imba, rudi.

Unapiga kwenye kelele, watu wanakula na kuongea: chapa au mwachie mwenzio, vidole weka akiba.

Wimbo mmoja ndio unakushinda na mingine yote inakwenda: usibadilishe njia kwa ajili yake. Chukua karatasi, chora mapigo, andika silabi juu yake, tafuta ile silabi inayovutana na mkono. Ukiipata na haitoki hata baada ya wiki, huo wimbo mpe mwenzio apige, uweke gitaa chini dakika nne, uuimbe tu.